Nafasi Moja ya Ng'ambo

Mwalimu Jethro Ombui alikutwa amelala kifudifudi mlangoni pa nyumba yake, kichwa ndani, miguu nje, mvua ikimnyeshea visigino. Mkewe, Abigael, ndiye aliyemwona kwanza, alipokuwa akirudi kutoka kanisani na wanawe. Inspekta Ongeri aliposhuka kwenye Land Rover, boma lilikwisha kujaa watu wenye nguo za Sabato, na vilio vilisikika hadi sokoni Mosocho.

"Nani aliyemgusa?" Ongeri aliuliza kwa Ekegusii.

"Mimi," Abigael alisema. "Nilimgeuza uso nione kama anapumua."

"Nani mwingine ameingia ndani?"

"Hakuna. Hata watoto niliwazuia."

"Vizuri, mama. Kaa na hao wanawake. Nitakuja kwako."

Sajini Mwakio, Mtaita aliyekuwa hajui neno la Ekegusii zaidi ya salamu, alikuwa amekwisha kupiga magoti kando ya maiti. Damu ilikuwa imeganda kisogoni. Saa ilikuwa bado mkononi mwa marehemu, na mezani redio ya betri ilikuwa imekaa kama inangoja taarifa ya habari.

"Aliyefanya hivi si mwizi, afande," Mwakio alisema. "Mwizi gani anaacha redio?"

Ongeri alikuwa akiitazama sakafu. Ilikuwa ya saruji, imepakwa nta nyekundu ikang'aa. Abigael alikuwa ameisugua Ijumaa, kama wafanyavyo Wasabato wanaotaka Sabato iwakute mikono mitupu. Juu ya sakafu ya namna hiyo hata paka hujisaliti. Nje tope lilikuwa tele, kwa kuwa mvua ilianza tangu asubuhi. Hata hivyo ndani hapakuwa na alama ya mguu wa mtu, ila za kandambili za marehemu zilizotoka nje na hazikurudi.

Palikuwa na kitu kimoja tu. Mkwaruzo mrefu ulioanzia kwenye mguu wa meza, ukapita karibu na bega la maiti, ukaishia kizingitini.

Nje, chini ya upenu, vilikuwako viti viwili vifupi na vikombe viwili. Kimoja kilikuwa na chai iliyobaki nusu.

"Alikuwa na mgeni," alisema Ongeri. "Mama, mezani kulikuwa na nini asubuhi?"

Abigael alichungulia, akashika mdomo. "Mkoba wake. Ule wa ngozi. Ulikuwa pale pale."

"Ndani yake?"

"Karatasi za Bochaberi."

Hapo wanawake walilia upya, na safari hii hawakumlilia mwalimu peke yake.

Nchi nzima ya Kisii ilimjua Jethro Ombui. Mchana alifundisha shule, na jioni aliwaandikia watu wa ng'ambo. Aliandikia vyuo, makanisa na vyama vya kina mama wa nchi za theluji, akiwaombea watoto wa maskini nafasi za masomo na mtu wa kuwalipia karo. Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru kila mzazi alikuwa ameambiwa kwamba elimu ndiyo shamba jipya. Wakaja kwake kutoka Nyamira, kutoka Kenyenya, kutoka kote, na ndizi mgongoni na mtoto mkononi. Hakumtoza mtu. Majibu yaliyorudi mengi yalikuwa ya pole. Mwaka huu, sitini na nane, lilirudi jibu moja tu la ndiyo, na Jethro alimpa Bochaberi, binti wa mjane wa Nyamarambe, kwa sababu ndiye aliyepita mtihani kuliko wote. Pasipoti yake, tikiti na barua ya chuo vilikuwa ndani ya mkoba ule. Ndege ilikuwa ya Jumanne.

"Na leo ni Jumamosi," Mwakio alisema.

"Najua leo ni siku gani," Ongeri alimkatiza. Alikuwa na hasira za karibu, hasa alipoogopa.

Daktari wa hospitali alimaliza uchunguzi wa maiti Jumapili asubuhi. Pigo lilikuwa moja, kisogoni, la kitu cha mti chenye kifundo. Marehemu alipigwa akiwa amesimama, amempa mgongo aliyempiga. Kwa maneno mengine, hakumwogopa.

Kabla ya adhuhuri polisi walikuwa wamemleta Machogu, mwenye duka wa Kenyenya. Mwanawe alikuwa mmoja wa walionyimwa, na watu sokoni walimsikia akiapa. Aliketi mbele ya Inspekta na kofia magotini, jasho likimtoka. Ongeri alimhoji kwa Kiswahili ili Sajini aandike.

"Ulisema utamfinya mwalimu. Ndiyo au hapana?"

"Nilisema. Lakini afande, mdomo ni ya kusema. Kila mtu alikuwa anasema."

"Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kwa duka yangu. Mimi ni Mkatoliki, Jumamosi nauza. Uliza watu, walikuwa wamejaa wananunua chumvi."

"Tutauliza. Mkoba wa mwalimu uko wapi?"

"Mkoba gani?" Machogu aliruka kama aliyekalia siafu. "Sikiliza, afande. Mimi nikiwa na maneno na mtu, naingia kwake. Wiki ile ingine nimeingia kwa nyumba yake, nimekaa kwa kiti yake, nimemwambia huku namwangalia macho. Akanipatia chai. Nimekunywa chai yake na hasira yangu. Hiyo mwalimu alikuwa mtu mgumu, lakini hakuwa mtu mbaya."

Watu wa Kenyenya walipoulizwa walisema vilevile: Machogu hakuondoka dukani. Ongeri alimwachilia, akabaki akizungusha kalamu mezani. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na yeye ukingo alikuwa anauona.

Mwakio alikohoa. "Afande, naomba niulize kitu cha kijinga."

"Uliza. Leo vya maana vimekwisha."

"Yule Machogu alikuwa adui, lakini aliingizwa ndani, akapewa kiti na chai. Mgeni wa jana naye alipewa chai, kwa hiyo hakuwa adui. Mbona alikalishwa nje na mvua yote ile? Mlango ulikuwa wazi. Hata baada ya kuua hakuingia. Mkoba uliburutwa. Ni muuaji gani huyu, anayeweza kumpasua mtu kichwa halafu akaogopa kukanyaga sakafu yake?"

Kalamu ilisimama.

Ongeri aliona haya, kwa kuwa yeye Mgusii, mwana wa Wagusii, aliviona viti viwili chini ya upenu na asishangae hata kidogo. Vilikuwa mahali pake. Baba yake mzazi, tangu Ongeri aoe, hajapata kuingia nyumbani kwake. Akija kumtembelea hukaa nje, kuwe na jua, kuwe na mvua ya mawe, na mkaza mwanawe humpelekea chai huko huko.

"Sajini," alisema polepole, "kwetu kuna heshima inayoitwa chinsoni. Ni aibu ya mtu na mtu, tuseme. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Baba mkubwa na baba mdogo ni vilevile, kwa maana nao ni baba. Akiingia, ni mwiko mzito. Watoto wataugua, na mbuzi atachinjwa. Mtu anaweza kuvunja Amri Kumi zote asubuhi moja na hiyo bado akaishika."

"Baba wa marehemu yuko wapi?"

"Alikufa Jethro akiwa mdogo." Ongeri alivaa kofia yake. "Alilelewa na baba yake mdogo. Mzee Nyangate. Jana nilimpa mkono wa pole."

Waliporudi Mosocho, Ongeri hakwenda moja kwa moja kwa mzee. Alimwita Abigael kando, nyuma ya jiko.

"Mna ngoe ya kuangulia maparachichi?"

"Ipo. Hukaa hapo, imeegemea ukuta."

"Imeegemea inavyoegemea siku zote?"

Abigael aliitazama. Ilikuwa mti mrefu wenye ncha iliyopinda. "Imegeuzwa," alisema. "Mimi huweka kipindo juu."

Mwakio aliinyanyua kwa kitambaa. Kwenye kipindo cha ngoe palikuwa na nta nyekundu, imekandamana na uchafu. Abigael aliiona, akaelewa, akaketi chini kwenye majivu ya jiko lake.

Mzee Nyangate alikuwa katikati ya ua, kwenye kiti cha wafiwa wakuu, blanketi begani. Maiti ilikuwa imekwisha kurudishwa kutoka hospitalini, imelazwa sebuleni, na watu waliingia na kutoka. Yeye hakuingia. Mbele ya magoti yake alikuwa ameshika bakora ya mti mweusi yenye kifundo.

"Pole tena, tata," Ongeri alisema, akimwita baba kwa Ekegusii, akachuchumaa kwa heshima.

"Tumeshapoa, mwanangu. Tutafanyaje?"

"Nina kazi kidogo na wewe. Twende ndani unionyeshe mwalimu alikuwa akiweka wapi mkoba wake."

"Ndani sitaingia."

"Ameshakufa, tata."

"Kufa hakumfanyi asiwe mwanangu. Nyumba ni yake na mkewe." Mzee alimtazama kwa masikitiko ya kweli. "Wewe ni mtoto wa nani hata usijue hayo?"

"Nayajua. Basi niambie kutoka hapa hapa. Mkoba ulikuwa wapi?"

"Nitajuaje? Sikuwapo. Nilikuwa kanisani."

"Kanisa gani? Mzee wa kanisa ameniambia kiti chako kilikuwa kitupu."

Nyangate alirekebisha blanketi begani. Waombolezaji waliokuwa karibu waliacha kulia, mmoja mmoja.

"Tata, nani katika ukoo huu hawezi kuingia nyumba ya Jethro?"

"Wengi wamekufa."

"Aliye hai ni nani?"

Mzee aliinamisha kichwa.

"Mtu alikunywa chai chini ya upenu ule. Akampiga Jethro kisogoni kwa mti wenye kifundo. Mkoba ulikuwa mezani, anauona, na mlango uko wazi. Mtu mwingine yeyote angeruka maiti akauchukua. Huyu alikwenda kuchukua ngoe nyuma ya jiko akauvuta, kama anaangua tunda." Ongeri alinyoosha mkono. "Nipe hiyo bakora, tata."

Mzee aliitazama bakora kama kwamba anaiona mara ya kwanza. Kisha akampa.

"Nilimlea," alisema. "Usisahau kuandika hilo. Nilimlea kuliko nilivyomlea wa kwangu."

Hapakuwa na haja ya kumshurutisha. Maneno yalikuwa yamemjaa, yalihitaji tu mahali pa kutokea. Mwakio alitoa karatasi, na Ongeri alimtafsiria sentensi kwa sentensi, sauti yake ikizidi kufifia kadiri alivyoendelea.

"Ulikwenda kwake kufanya nini?"

"Kumwomba. Nina mwana, Andrew. Ndiye kitinda mimba. Nilimwambia Jethro, nafasi hiyo mpe ndugu yako. Akasema Andrew alianguka mtihani. Nikamwambia, wewe ulisoma kwa mali gani? Alijua."

"Alijua nini?"

"Ng'ombe. Nilikuwa na binti, Nyanchama. Alikuwa shuleni, na alikuwa na kichwa kuliko wavulana wote. Jethro akapata nafasi ya chuo cha ualimu, na karo hakuna. Nikamtoa Nyanchama shuleni, nikamwoza kwa mtu mzima mwenye ng'ombe. Wewe ni Mgusii, unajua ng'ombe wa dada ni wa nani."

"Ni wa kaka yake. Aolee."

"Walikuwa wa Andrew. Nikawauza wote, Jethro akasoma. Leo Andrew hana mke wala shule. Nikamwambia Jethro, mrudishie ndugu yako hata kimoja. Shukrani ya punda ni mateke. Akanijibu kitu."

"Alikujibu nini?"

Mzee aliivuta blanketi hata ikamfunika kidevu. Hata waliokuwa ndani na maiti walikuwa wametoka mlangoni kusikiliza.

"Alisema, 'Tata, deni ninalo, lakini aliyenikopesha si Andrew, ni Nyanchama. Nyanchama amekufa. Huyu msichana wa Nyamarambe ndiye Nyanchama wangu, na safari hii hakuna atakayemtoa shuleni.' Akainuka aniongezee chai. Binti yangu alikufa akijifungua, afande. Alikuwa bado mtoto. Tangu tumzike hakuna aliyethubutu kulitaja jina lake mbele yangu. Hata mama yake hakulitaja mpaka alipokufa naye. Halafu huyu, aliyekula ng'ombe wake, analitamka kwa ulaini vile, kana kwamba ni mimi peke yangu niliyemuua. Nikanyanyua mkono. Nilitaka anyamaze tu."

"Na mkoba?"

"Karatasi zilikuwa humo."

"Karatasi zina jina la Bochaberi. Zingemfaa nini Andrew?"

Mzee alimtazama kwa mshangao. "Si mwenye karatasi ndiye mwenye kitu? Hawa wa kupima mashamba wamepita hapa juzi. Walituambia, shamba ni la mwenye hati, hata kama babu yako amezikwa humo. Nikasema, basi ng'ambo nako ni hivyo hivyo. Mwenye hati ndiye anayekwenda."

Ongeri alishindwa kulitafsiri hilo. Mwakio alingoja kalamu mkononi, kisha akaona uso wa mkubwa wake, akaacha kungoja.

Mkoba ulikutwa katika shimo la kuivishia ndizi, nyuma ya nyumba ya Nyangate, umefunikwa kwa majani makavu. Haukufunguliwa. Kwenye kona moja ulikuwa na damu, lakini ndani kila kitu kilikuwa kikavu na safi: pasipoti, tikiti, barua ya chuo yenye muhuri. Waliufungua mbele ya mashahidi. Andrew mwenyewe, kijana mrefu aliyekuwa amesimama kando, aliuliza karatasi zile ni za nini, na alipoambiwa aliingia ndani akafunga mlango. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amemwambia chochote.

Jumatatu asubuhi Bochaberi alikuwa kituoni kabla ya zamu kubadilishana. Alikuja na mama yake, Gesare, mwanamke mwembamba aliyekaa kwenye ncha ya benchi kama anayehofia kulichakaza. Msichana alivaa viatu vipya ambavyo watu wa kanisa lao walikuwa wamemchangia. Sanduku lake lilikuwa limefungwa kamba tayari.

"Tumesikia mkoba umepatikana," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha shuleni, kila neno limepigwa pasi. "Tumekuja kuchukua pasipoti na tikiti, afande. Basi la Nairobi linaondoka saa nne."

Ongeri alimwambia angoje. Akapanda ngazi kwa mkubwa wake.

"Haiwezekani," mkubwa alisema kabla hajamaliza. "Mkoba na vilivyomo ni vielelezo. Ni kesi ya mauaji, itasikilizwa Mahakama Kuu."

"Mzee amekiri, bwana."

"Leo amekiri. Kesho atapata wakili, na wakili atauliza: aliua kwa ajili ya nini? Uko wapi huo mkoba na hizo karatasi? Utamwambia zimepanda ndege?"

"Tuandike yaliyomo, mashahidi watie sahihi, msichana aende. Hakimu anaweza kutoa idhini."

"Hakimu yuko safarini mpaka Alhamisi."

"Ndege ni kesho."

Mkubwa alivua miwani. Hakuwa mtu katili, na hilo ndilo lililomwuma Ongeri zaidi, kwa sababu angekuwa katili wangegombana. "Ongeri, na mimi nina watoto. Lakini sheria haikuandikwa na sisi. Nenda kafunge vielelezo."

Alishuka ngazi. Alipofika chini aligundua kwamba alikuwa akishuka polepole makusudi, kama mtoto anayetumwa kuleta fimbo ya kuchapiwa. Kwa muda aliwaza kuichukua tu pasipoti na kumpa msichana kupitia mlango wa nyuma. Aliwaza pia mke wake na watoto wake, na nyumba ya serikali waliyokaa. Basi akawa mtu kama watu wengine.

Alimweleza Bochaberi yote, bila kupamba. Alimwambia wangeandikia chuo, na huenda wangeelewa. Alijua haikuwa kweli, kwa kuwa barua ilisema wazi kwamba asiyefika kwa siku yake nafasi yake atapewa mwingine. Na aliyejua kuwaandikia watu wale kwa namna ya kuwalainisha moyo angezikwa siku hiyo hiyo alasiri.

Gesare hakuelewa Kiswahili chote. Alimvuta binti yake mkono. "Wanasema nini? Wanasema turudi lini?"

Bochaberi hakumtafsiria. Alikuwa anamtazama Sajini Mwakio, ambaye mezani nyuma ya kaunta alikuwa akifunga kikaratasi cha namba kwa uzi kwenye pasipoti. Picha yake ilikuwa imefunguka juu, na kwenye picha alikuwa anacheka.

"Afande," aliuliza, "yule mzee ameshtakiwa kwa kuua. Nimeelewa. Na mimi nimeshtakiwa kwa kosa gani?"

Ongeri alivua kofia, akaishika mikononi. Msichana alingoja kwa adabu, kama alivyofunzwa. Kisha akajitwika sanduku, akamshika mama yake mkono, wakatoka wakishika njia ya Nyamarambe.